Gemu ya bei nafuu inayodai subira

Kingdom Come: Deliverance, gemu ya kompyuta iliyotolewa mwaka 2018 na kampuni ya Warhorse Studios ya Prague, imeshawahi kuuzwa kwa chini ya robo ya bei yake. Kila ishukapo bei, wanaoinunua hugawanyika.

Humo hamna uchawi wala mazimwi. Ni Bohemia ya mwaka 1403, sehemu ya Jamhuri ya Cheki ya leo. Henry, mtoto wa mhunzi, anafiwa na wazazi pale jeshi la Mfalme Sigismund linapoteketeza Skalitz, mji wa machimbo ya fedha. Kusoma hajui, na upanga anaushika kama mwiko.

Malalamiko huanzia hapo. Saa za mwanzo ni za kupigwa tu, tena kuhifadhi ulipofikia kwahitaji kulala kitandani au kunywa pombe maalumu, nayo ina gharama. Wengi huishia hapo, pesa yao imekwenda.

Waliovumilia husifia soko lake, na wana haki. Bei hujadiliwa. Ukibana mno, muuzaji hukasirika. Ukimwongezea kidogo, jina lako hupanda. Fedha zake nazo zina kikomo, hivyo shehena kubwa hainunuliwi yote. Nguo chafu huharibu mazungumzo, chakula huoza mkobani, na mali ya wizi hukataliwa na wenye maduka wengi.

Sehemu ya pili ilitoka Februari 2025. Anayetaka kuonja aanze na hii ya kwanza, punguzo likirudi, na atenge wikendi nzima.