Mlio wa Kugonga katika Injini Iliyoongezewa Nguvu

Juu ya meza yangu ya kazi pana pistoni moja ya aluminiamu ambayo nawaonyesha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kila muhula unapoanza. Ukiitazama kwa juu huoni dosari ya kushtua. Ni vijishimo vichache tu pembezoni, mfano wa ngozi iliyopata ndui. Lakini ukiigeuza ubavu utaona kwamba ukuta mwembamba unaotenga ringi ya kwanza na ya pili umekatika, na kipande chenye ukubwa wa ukucha hakipo. Pistoni hiyo ilitoka katika gari la kijana mmoja, fundi hodari, ambaye aliitumia akiba ya miaka miwili kuiongezea injini yake nguvu. Alipoileta karakanani kwetu alisema: "Mwalimu, haikugonga hata mara moja. Ningesikia."

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini hakusikia, na jinsi ambavyo yeye, au msomaji mwenye gari kama lile, angeweza kujua mapema.

Kuwaka si kulipuka

Watu wengi hudhani kwamba petroli hulipuka ndani ya silinda. Sivyo. Katika injini iliyo salama petroli huwaka kwa utaratibu. Plagi hutoa cheche, moto ukaanza mahali pamoja, kisha ukaenea kama moto wa nyasi ulioanzishwa upande mmoja wa shamba. Mwendo wake ni makumi machache ya mita kwa sekunde. Injini inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, moto huo huchukua takriban sehemu tatu za elfu za sekunde kuvuka silinda. Kwa sababu hiyo cheche hutolewa kabla pistoni haijafika kileleni, ili shinikizo kubwa kabisa litokee pistoni ikiwa imekwisha kuanza kushuka, kiasi cha nyuzi 15 hivi baada ya kilele. Wakati huo wa kutoa cheche ndio tutakaouita majira ya cheche. Mafundi huuita taimingi.

Sasa fikiri habari ya mchanganyiko wa hewa na petroli ulio upande wa mbali, ambao moto haujaufikia. Mchanganyiko huo unabanwa na pistoni na, zaidi ya hayo, unabanwa na gesi iliyokwisha kuwaka. Kila unapobanwa ndivyo joto lake linavyopanda. Ukisubiri mno katika hali hiyo, huwaka wenyewe, wote kwa mara moja, bila kungoja moto wa cheche. Hapo ndipo pana mlipuko wa kweli. Mawimbi ya shinikizo hupiga kuta za silinda huku na huku, na chuma hulia kama kengele. Mlio huo ndio kugonga kwa injini.

Hivyo ndani ya silinda pana mashindano: moto wa cheche unakimbilia kumaliza kazi yake kabla mchanganyiko uliobaki haujawaka wenyewe. Mambo manne humshindisha adui: mgandamizo mkubwa, hewa yenye joto, petroli yenye oktani ndogo, na cheche iliyowahishwa kupita kiasi. Msomaji ataona mara moja kwamba kuongeza nguvu ya injini maana yake ni kugusa baadhi ya mambo hayo, au yote.

Madhara yake ni ya namna mbili. Kwanza, mapigo yenyewe huvunja sehemu nyembamba za pistoni. Pili, mawimbi hayo huondoa tabaka jembamba la gesi iliyopoa ambalo hukinga uso wa pistoni. Aluminiamu huyeyuka kwenye joto la nyuzi 660 hivi za Selsiasi, na moto wa petroli ndani ya silinda hupita nyuzi 2,000. Tabaka hilo likiondoka mara kwa mara, pistoni haina kinga.

Oktani na safari ya petroli

Oktani ni kipimo cha uvumilivu wa petroli dhidi ya kujiwakia. Kipimo hicho hulinganisha petroli na michanganyiko ya vimiminika viwili: aisooktani, iliyopewa 100, na heptani, iliyopewa 0. Petroli ya oktani 95 huvumilia sawa na mchanganyiko wenye aisooktani sehemu 95 na heptani sehemu 5.

Desemba 1921 Thomas Midgley na wenzake katika maabara ya General Motors huko Dayton, Marekani, waligundua kwamba kiasi kidogo cha kampaundi ya risasi huzuia kugonga. Dawa hiyo ilikuwa pia sumu, hasa kwa ubongo wa mtoto. Afrika kusini mwa Sahara iliiacha petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani, Aljeria, iliiacha mwaka 2021. Leo oktani hupatikana kwa namna ya kusafisha mafuta na kwa viungo vingine.

Jambo hili latuhusu sana katika Afrika ya Mashariki, kwani magari mengi yetu yametumika kwanza Japani. Huko petroli ya daraja la juu hutakiwa iwe na oktani isiyopungua 96, na ya kawaida isiyopungua 89. Gari lenye tabo, yaani mtambo wa kusukuma hewa ndani ya injini, aghalabu lilirekebishwa kiwandani kwa petroli ya daraja la juu. Likifika kwetu hunywa petroli iliyopo. Kabla mwenyewe hajaongeza kitu chochote, akiba yake ya usalama huenda imekwisha kupungua.

Kitambuzi na udhaifu wake

Katika injini inayopuliziwa petroli kwa nozeli, kompyuta ndiyo iamuayo kiasi cha petroli na majira ya cheche. Nyingi ya injini hizo zina kitambuzi cha mtikisiko, ambacho mafundi hukiita noki sensa, kilichofungwa kwa bolti kwenye bloku. Ndani yake mna kipande cha madini ambacho kikibanwa hutoa umeme. Tabia hiyo iligunduliwa na ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880. Bloku inapotikisika, kitambuzi hutoa umeme mdogo, na kompyuta huuchuja ili ibaki na mlio wa kugonga peke yake.

Mlio huo una kimo chake maalumu, ambacho hutegemea upana wa silinda. Kanuni ya mkato ni hii: gawanya 900 kwa pai mara nusu-kipenyo cha silinda kwa milimita, jibu ni maelfu ya mitetemo kwa sekunde. Silinda yenye kipenyo cha milimita 86 hulia kwa mitetemo 6,700 hivi kwa sekunde. Yenye milimita 100, kwa 5,700 hivi. Tena kompyuta husikiliza katika kipindi kifupi tu baada ya kilele, kwa kuwa ndipo kugonga kunakoweza kutokea.

Hata hivyo kitambuzi hakijui kugonga ni nini. Kinajua mtikisiko tu. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu lina mvua. Pistoni zilizofuliwa, kama mhunzi afuavyo jembe, ni imara kuliko zile za kusubu. Lakini nyingi hutanuka zaidi zinapopata joto, na kwa hiyo huachiwa mwanya mkubwa zaidi ndani ya silinda. Injini ikiwa baridi hugongagonga kuta. Valvu zilizolegea, beringi iliyolika, au kipande cha bati karibu na ekzosi huweza kutoa milio inayopotosha sikio na kitambuzi pia.

Nami sina haki ya kumcheka mtu kwa kosa hili. Nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya udaktari ng'ambo, nilishinda mchana mzima nikichelewesha cheche ya injini ya majaribio, kidogo kidogo, ili kuua mlio wa kugonga. Nguvu ya injini ilishuka, ekzosi ikawa nyekundu, na mlio ukabaki vile vile. Jioni mhudumu wa maabara alikuja na spana, akakaza bolti moja ya kinga ya ukanda, na mlio ukatoweka. Laiti ningalijiuliza baada ya jaribio la kwanza kwa nini mlio haukubadilika, ningaliokoa siku nzima.

Hatua za uchunguzi

Kutokana na hayo twaweza kupanga njia ya kuchunguza. Kazi hii ifanyike kwenye mashine ya kupimia nguvu ya injini, wala si barabarani.

1. Uliza mlio unatokea lini. Kugonga huja injini ikiwa na mzigo: unapopanda mlima, au tabo inaposukuma hewa nyingi. Mlio unaosikika injini ikiwa haina mzigo na kufuata mizunguko tu, kwa kawaida ni wa chuma kwa chuma. Mlio wa asubuhi unaopotea injini ipatapo joto, yamkini ni mwanya wa pistoni.

2. Sikiliza kwa chombo. Chukua bomba jembamba la shaba, libonde ncha moja, litoboe na kulifunga kwa bolti kwenye bloku. Ncha ya pili ivishe mpira mrefu unaofika kwenye vifuniko vya masikio. Chombo hiki cha bei ndogo huzuia kelele za nje na kukuletea sauti ya bloku yenyewe. Kugonga husikika kama changarawe zinazotupwa juu ya bati.

3. Badilisha jambo moja tu. Chelewesha cheche kwa nyuzi tatu au nne, ukiacha mengine yote kama yalivyo. Mlio ukitoweka, ulikuwa kugonga. Usipobadilika, tafuta bolti, valvu au beringi. Jaribio la pili la kuthibitisha ni kuweka petroli yenye oktani kubwa zaidi na kurudisha cheche ilipokuwa.

4. Tenga silinda. Toa plagi zote na uzipange kwa mfuatano. Vitone vyeusi kama pilipili manga juu ya kauri, au chembe ndogo zinazong'aa za aluminiamu, ni ushahidi wa kugonga. Zikionekana kwenye plagi zote, shuku petroli, joto la hewa, shinikizo la tabo au majira ya cheche. Zikionekana kwenye plagi moja, shuku nozeli iliyoziba, masizi, au maji ya kupoza yasiyofika vizuri.

5. Pima petroli kabla ya kuilaumu cheche. Petroli huwaka kikamilifu kwa uwiano wa hewa 14.7 kwa petroli 1 kwa uzito. Tabo inaposukuma kwa nguvu, injini huhitaji mchanganyiko mzito zaidi, wa 12 kwa 1 hivi, ili ipoe. Pampu dhaifu au nozeli ndogo hushindwa pale pale penye mzigo mkubwa. Fundi akichelewesha cheche tu, huficha ugonjwa na kuongeza joto la ekzosi.

6. Jihadhari na kuwaka kabla ya cheche. Ncha ya plagi iliyoiva au kaa la masizi huweza kuwasha mchanganyiko kabla ya cheche kutoka. Kuchelewesha cheche hakusaidii hapo, maana si cheche iliyowasha. Ukiona dalili hiyo zima injini mara moja. Pistoni huweza kutoboka katika muda mfupi sana.

Yaliyompata kijana yule

Tulipoifungua injini ya kijana yule tukapata mambo matatu. Alikuwa ameweka pistoni za kufuliwa, na tangu siku ya kwanza kitambuzi kilikuwa kikilalamika bure. Akafanya jaribio la tatu hapo juu, nalo kwa haki: alichelewesha cheche, mlio haukubadilika, akajua kwamba si kugonga. Hadi hapo hakukosea. Lakini ili asisumbuliwe tena, alipandisha mpaka wa kitambuzi katika kompyuta hata kikawa hakisemi lolote. Miezi miwili baadaye aliongeza shinikizo la tabo. Wakati huo nozeli ya silinda ya tatu, tulipoipima, ilikuwa ikitoa petroli pungufu kuliko wenzake. Silinda hiyo iligonga penye mizunguko mingi, ambapo ekzosi na upepo humeza kila sauti. Sikio lisingaliweza kusikia, na shahidi pekee aliyeweza alikuwa amezibwa mdomo.

Alichopaswa kufanya ni kupima kelele ya kawaida ya injini yake mpya. Cheche huchelewesha mno, hata kugonga kusiwezekane, kisha husoma mtikisiko katika kila kiwango cha mizunguko. Kipimo hicho ndicho msingi. Mpaka wa kitambuzi huwekwa juu yake kidogo. Na kila kitu cha injini kinapobadilishwa, kazi hiyo hurudiwa.

Injini ile ilijengwa upya baada ya miezi saba, fedha zilipopatikana. Kijana alikuja na bomba lake la shaba na daftari lenye vipimo vya kila mizunguko 500, akaanza upya na shinikizo la tabo la kiwandani. Gari lingali likitembea. Pistoni iliyovunjika aliniachia mezani, akasema niwaonyeshe wengine.