Sukari ikipanda, kitazame kibaba

Leo tumwangalie mnunuzi wa sukari. Mwaka 2024, Ramadhani ikiwa mlangoni, mvua za El Niño zilikwamisha uvunaji wa miwa, na sukari ikavuka shilingi 4,000 kwa kilo katika maeneo mengi ya Tanzania.

Bei ikipanda, mnunuzi wa kipato kidogo haachi sukari. Anapunguza kipimo. Jioni moja ya siku hizo, katika duka la mtaani kwetu, binti mdogo aliyetumwa na mama yake alimwambia mwenye duka: "Shikamoo Mangi, naomba sukari nusu robo." Akapewa kifuko kilichofungwa tangu asubuhi, akatoa shilingi 600. Tupige hesabu. Nusu robo ni gramu 125, na kilo moja ina nusu robo nane. Kwa hiyo mama yule alikuwa akinunua kilo kwa shilingi 4,800. Mimi nilipimiwa kilo nzima kwenye mizani kwa shilingi 4,200. Mwenye kidogo ndiye aliyelipa zaidi, tena kwa kifuko ambacho hakukiona kikipimwa.

Wazee wetu waliujua mtego huu, na nimeshughulika na elimu yao ya vipimo kwa miaka mingi. Pwani yetu, nafaka ilipimwa kwa kibaba. Vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Bidhaa nzito zilikwenda kwa frasila, ambayo ni takriban kilo 16. Lakini kiini cha elimu ile kimo katika maneno mawili: tele na mfuto. Kibaba cha tele kiliachwa na kichuguu juu; cha mfuto kilifutwa kwa kiganja hadi nafaka ikalingana na mdomo wa kipimo. Aliyeuliza bei ya kibaba alipaswa kujua kwanza ni kibaba kipi. Lugha yenyewe ilimlinda mnunuzi.

Pishi hiyohiyo ndiyo iliyotolewa zaka ya fitri, na mashekhe wanapotutajia leo kilo mbili na nusu au tatu, wanatufasiria pishi. Kipimo kiliingia katika ibada. Qurani ina sura nzima, ya 83, inayoitwa kwa jina la wanaopunja vipimo.

Kisha likaja debe la mafuta ya taa, likawa kipimo cha mahindi. Likafuata kopo la rangi la lita nne, ambalo sokoni tunaliita sado kutokana na rangi ya Sadolin. Majirani zetu Wakenya wana gorogoro. Makopo haya si mabaya, ila kitako cha kopo kikigongwa kikabonyea ndani, bei inabaki ileile na unga unapungua. Hakuna gazeti litakaloandika kwamba bei imepanda.

Uovu mkubwa zaidi uko hapa. Shambani, mkulima wa viazi analazimishwa kujaza lumbesa, gunia lenye kilemba juu, ambalo sheria inalikataza. Hiyo ni tele bila malipo. Mjini, mlaji anauziwa kopo lililobonyea, ambalo halifikii hata mfuto. Mkulima anapunjwa kwa kuzidishiwa kipimo, mlaji anapunjwa kwa kupunguziwa, na wa katikati anavuna kotekote. Huo ni wizi, hata ukifanywa kwa tabasamu.



Kwa leo nina ombi. Tangu mwaka 2002 tuna Wakala wa Vipimo, na mizani iliyohakikiwa hubandikwa stika. Itafute stika hiyo kabla hujatoa pesa. Omba upimiwe mbele ya macho yako, hata kama ni robo. Majirani wanne wenye shida ya robo wachangie kilo moja, wagawane nyumbani. Nawe mwenye duka, weka mizani mbele ya mteja, hata akiwa mtoto aliyetumwa. Bei ya sukari huiwezi, lakini uzito wa kifuko chako uko mikononi mwako.