Ndoo ya Uduvi

Bibi hakuwa na saa, wala hakuihitaji. Mwezi ukishaandama alihesabu kwa vidole, akatuambia, "Keshokutwa bamvua. Maji yatakupwa saa nne." Na kweli, keshokutwa saa nne asubuhi bahari ya Kaole ilikuwa imeondoka, ngalawa zimelala kwenye mchanga, na wanawake wa kijiji wanateremka pwani na ndoo kichwani. Siku ya pili yake maji yalichelewa kidogo, ya tatu yakachelewa zaidi, kama dakika 50 kila siku, mpaka yakafika maji mafu na hakuna aliyeshuka. Sisi watoto tuliijua bahari hivyo kabla hatujaijua saa ya ukutani. Nazungumzia miaka ya 1970, nilipokuwa mdogo wa kutosha kwenda na wanawake kutanda uduvi.

Kutanda ni kazi ya kike. Wanawake wawili hushika kanga ncha kwa ncha, wakaingia majini mpaka kiunoni, wakaizamisha na kutembea pole pole, kisha wakaiinua kwa pamoja. Msimu mzuri ulikuwa wa masika, mto Ruvu ukimwaga maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Mtoto wa kiume aliruhusiwa kwa sababu moja tu: alibeba ndoo. Nilisimama nyuma ya Bibi, maji yakinifika kifuani, naye akakung'uta kanga ndani ya ndoo yangu. Uduvi wabichi wanang'aa kama vipande vya kioo, kila mmoja ana vijicho viwili vyeusi kama ncha ya sindano. Wakirukaruka ndani ya ndoo hutoa mlio wa rasharasha juu ya jani la mgomba. Nikiusikia mlio huo hata leo, natafuta Bibi yuko wapi.

Siku hizi chandarua cha mbu kimechukua nafasi ya kanga kwenye fukwe nyingi za pwani yetu, nacho kinazoa mpaka vifaranga vya samaki. Inaniuma kukiona. Najua njaa ndiyo inayokishika, lakini samaki hao ndio ambao wangekuja kuliwa na watoto wa watoto wetu.

Kurudi nyumbani tulipita kwenye magofu ya mji wa kale. Msikiti mmoja wa pale ni wa karne ya 13, na makaburi yake yenye nguzo ndefu yamesimama kando yake. Bibi hakuwa na habari ya karne. Alituambia tushushe sauti, akawatolea salamu waliolala pale, na akifika kwenye kaburi la mmoja wao, aliyeitwa Sharifa, alisimama kidogo, midomo ikitikisika. Niliwahi kumuuliza kwa nini mji wa watu wengi vile ulihamwa. Akanionyesha mikoko kwa kidevu. "Bahari iliwakimbia." Nilidhani ni hadithi. Ukubwani ndipo nilipojua kwamba bandari ya Kaole ilijaa tope na mikoko, vyombo vikashindwa kuingia, biashara ikahamia Bagamoyo, mwendo wa kilomita kama tano tu kaskazini.

Nyumbani uduvi walianikwa kwenye jamvi, na mimi na dada zangu tukawekwa kufukuza kunguru. Lakini kabla ya kuanika, bakuli la kwanza lilitoka. Lilikwenda kwa mzazi aliye ndani ya arobaini, la pili kwa mzee asiyekuwa na mtu wa kumshukia pwani, limefunikwa kawa ili jua na macho ya watu visiguse. Mpelekaji alikuwa mtoto. Nilibisha hodi, nikaamkia shikamoo, nikasema maneno niliyofundishwa: "Bibi amesema mshike mkono." Halafu nikasubiri, kwa sababu kwetu bakuli halirudi tupu. Lilirudi na ndimu mbili, au embe sindano, au chumvi ya mawe iliyofungwa kwenye jani. Safari moja lilirudi na punje chache za mchele, ndizo alizokuwa nazo yule mzee. Bibi alizipokea kwa mikono miwili, akazitia kwenye chungu chetu cha wali.

Bibi aliniita "mume wangu", na dada yangu mkubwa akawa "mke mwenzangu". Akinikosa chakulani alilalamika mbele ya watu wote kwamba mumewe ameoa nje. Huo ulikuwa utani wa nyumbani. Ukubwa wa utani wenyewe niliuona Babu alipofariki. Mtani wetu, Mnyamwezi aliyekaa Magomeni ya Bagamoyo, aliingia msibani kabla maiti haijatoka. Akaivaa kofia ya Babu, akachukua bakora yake, akapita katikati ya waombolezaji kwa mwendo wa Babu kabisa, bega moja chini, na kikohozi chake kile cha mara tatu. Akatukemea sisi wajukuu: "Nani ameacha banda la kuku wazi?" Bibi, aliyekuwa hajanyanyua uso tangu alfajiri, alicheka huku machozi yanamtoka. Kisha mtani akaenda kukaa ukingoni mwa kaburi, akasema hazikwi mtu mpaka yeye alipwe. Akalipwa. Hakuna aliyekasirika, kwani mtani hakasirikiwi.

Undugu huo uliletwa na miguu. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walitembea miezi mitatu hivi kutoka Unyamwezi na pembe za ndovu begani, wakafikia Bagamoyo, wakipita nchi yetu sisi Wazaramo. Walikuwa wageni wasiojuana na wenyeji, pengine hata wa kuogopana. Waliomaliza uoga huo waliumaliza kwa kutaniana, na wajukuu wao wakaja kuzikana.

Mwaka uliofuata msiba wa Babu nilipelekwa jandoni. Ya kumbini hubaki kumbini, nami siyasemi. Niseme tu kwamba tulirudi kijijini kwa ngoma, tumenyolewa, tumepakwa mafuta, kila mmoja na kikoi kipya, na mama zetu wakipiga vigelegele.

Bamvua ya kwanza baada ya hapo niliamka mapema, nikachukua ndoo yangu. Bibi akaishika, akaitoa mkononi mwangu taratibu, akampa mdogo wangu wa kike. "Mume wangu, wewe sasa nenda na wenzio." Safari hii hakuwa akitania. Ami yangu akanipandisha kwenye ngalawa na kunipa upo wa kufua maji. Nilifua nikiwa na donge kooni. Tulipofika nje kidogo niligeuka, na kwa mara ya kwanza nikawaona wanaotanda kutoka upande wa bahari: kanga nyekundu, njano, buluu, zimepangana kando ya mikoko, zinainuka na kushuka. Bibi nilimtambua kwa jinsi anavyokung'uta. Nyuma yake kilikuwepo kichwa kidogo chenye ndoo.

Jioni niliketi barazani kwenye sinia la wanaume. Wali ulikuwa mweupe, uduvi wamepikwa kwa tui zito na ndimu, na wakubwa wakanisogezea upande wenye kitoweo kingi. Nilikula kwa adabu, mkono mmoja, macho chini. Lakini kutoka uani nilisikia kelele za wenzangu wa jana wakigombea ukoko, wanaukwangua chunguni kwa kijiko, na mate yakanijaa.

Nilipokwenda kulala nilikuta kitu chini ya mto wangu, kimefungwa kwa jani la mgomba. Kilikuwa bado kina joto. Ukoko mzima, mduara wa chungu, haujavunjwa hata ukingo.