TAA YA PICHA KANISANI: KUIWEKA, KUITUMIA NA KUITUNZA



Siku hizi makanisa mengi yana mashine iitwayo projekta, yaani taa ya picha, ambayo hupokea picha na maandishi kutoka katika kompyuta na kuyatupa ukutani yakawa makubwa, hata watu mia wakayaona pamoja. Kwa taa hiyo wimbo husomwa na mkutano wote, watoto wa mafundisho huonyeshwa nchi alikotembea Bwana wetu, na akina mama huelezwa habari za maji safi na malezi. Hizo ni faida kubwa. Walakini liko jambo la huzuni. Mashine hiyo hununuliwa kwa sadaka, na katika sadaka hizo mna shilingi ya mjane na mayai ya mtu asiye na fedha. Kisha baada ya muda si mrefu yaonekana kabatini, imekufa. Ukiuliza, utaambiwa kwamba imechakaa. Mara nyingi sivyo. Taa ya picha huuawa kabla ya uzee wake na maadui watatu: joto, vumbi, na haraka ya watu. Basi na tuwatazame maadui hao, na njia ya kuwazuia.

ASILI YA TAA HII

Taa ya picha si jambo jipya. Mtaalamu wa Uholanzi, Christiaan Huygens, aliifanya mnamo mwaka 1659: taa yenye moto ndani ya sanduku, kipande cha kioo kilichochorwa picha, na lenzi ya kuikuza. Mwezi wa Januari, 1854, David Livingstone alionyesha taa ya namna hiyo mbele ya Shinte, mkuu wa Balonda katika Afrika ya Kati. Picha ya kwanza ilikuwa ya Ibrahimu ameinua kisu juu ya mwanawe Isaka. Livingstone alipokisogeza kioo ili kukiondoa, wanawake waliona kisu kinawajia wao. Wakapiga kelele, wakakimbia wote. Shinte mwenyewe hakuondoka, akakaa mpaka mwisho. Naye Livingstone alikuwa na desturi ya kuwaeleza watu jinsi taa hiyo inavyofanya kazi, ili mtu asidhani kwamba mna uganga ndani yake.

Desturi hiyo yatufaa hata leo, maana mtu asiyejua mashine inavyofanya kazi hawezi kuitunza. Ndani ya projekta mna mwanga mkali sana. Katika aina moja mwanga huo hugawanywa kuwa mwekundu, wa kijani na wa buluu, ukapita katika vioo vitatu vidogo vinavyouzuia au kuuruhusu nukta kwa nukta, kisha rangi zote hukutanishwa tena. Katika aina ya pili mna kipande kidogo kilichojaa vioo vya kuakisi, malaki kwa malaki, vidogo mno, na kila kimoja huinama na kuinuka mara elfu nyingi katika sekunde moja. Kipande hicho kilibuniwa na Larry Hornbeck wa kampuni ya Texas Instruments, huko Marekani, mwaka 1987. Katika aina zote mbili mwanga huzaa joto, na feni huvuta hewa ya nje ili kuliondoa. Hiyo ndiyo siri yote ya utunzaji: hewa ikizuiwa, taa hufa.

KUIWEKA

Mkiwa bado hamjanunua, ulizeni kwanza nguvu ya mwanga, nayo hupimwa kwa lumeni. Chumba kilichofunikwa madirisha hutoshwa na lumeni 3,000 hivi. Kanisa lenye madirisha mengi wakati wa mchana litadai zaidi. Mwe na hadhari na mashine za bei rahisi ambazo sandukuni mwake mmeandikwa hesabu kubwa ajabu. Tafuteni lumeni zilizopimwa kwa kanuni ya ANSI au ya ISO, kwa kuwa hizo ndizo hesabu za kuaminiwa.

Pazia la kupokelea picha si lazima liwe la duka. Shuka jeupe lililonyoshwa likakaza, lisilo na mikunjo, lafaa. Tena ukuta uliopakwa rangi nyeupe isiyong'aa wafaa pia. Liwekwe juu, kichwa cha mtu wa mbele kisimzuie wa nyuma, wala jua lisilipige.

Kisha pimeni umbali. Kila mashine ina kipimo chake, nacho kimeandikwa katika kitabu chake. Ikiwa kipimo ni 1.5, picha yenye upana wa mita 2 hudai mashine isimame mita 3 kutoka ukutani. Mkitaka upana wa mita 3, isimame mita 4 na nusu. Tena mkumbuke wazee walioko nyuma. Desturi njema ni kwamba mtu wa mwisho asikae mbali kupita mara sita ya urefu wa picha kutoka chini hata juu. Picha ya mita 1 na nusu yatosha kwa mtu aliye mita 9, wala si zaidi.

Mashine isimame juu ya meza imara, sawasawa, ikielekea ukuta moja kwa moja. Ikiinamishwa, picha hupanuka upande mmoja kama paa la nyumba. Kweli kiko kitufe cha kunyosha kosa hilo, lakini picha hupoteza kitu cha uzuri wake. Afadhali kuinyosha meza. Zungusheni pete ya kukuza mpaka picha ienee pazia, kisha pete ya pili mpaka herufi ziwe kali kama zilizochongwa. Waya za umeme zipite kando ya ukuta, au zibandikwe sakafuni kwa plasta, mtoto asijikwae akaiangusha mashine.

KUIWASHA NA KUIZIMA

Unganisheni kompyuta na projekta kwa waya, nao kwa kawaida ni ule wa HDMI; washeni projekta, kisha kompyuta. Picha isipotokea, msiipige mashine wala kuitikisa. Tazameni kwanza kwamba waya umeingia vema pande zote mbili. Kisha bonyezeni kitufe cha kuchagua njia mpaka jina la waya wenu lionekane. Kwa kompyuta ya Windows, shikeni kitufe cha Windows pamoja na herufi P, mchague picha ionekane pande zote mbili. Taabu nyingi humalizika hapo.

Umeme wetu hukatika na kurudi kwa kishindo, na kishindo hicho huharibu mashine. Kwa hiyo itieni kwa njia ya kidhibiti cha umeme, au UPS ambayo huipa nguvu dakika chache umeme ukatikapo, ili feni imalize kazi yake. Mkitumia jenereta, liacheni kwanza litulie ndipo mchomeke projekta. Tena likiwa karibu kwisha mafuta, zimeni projekta mbele.

Sasa nasema neno lililo kubwa kuliko yote. Projekta yenye balbu, isipokuwa kitabu chake chasema vinginevyo, haizimwi kwa kuchomoa waya. Mkibonyeza kitufe cha kuzima, feni huendelea kuzunguka kwa muda ili kuipoza balbu. Ngojeni mpaka ikome yenyewe, ndipo mchomoe. Kisha ngojeni tena ipoe kabla ya kuitia mfukoni. Hapo ndipo haraka iuapo. Baraka zimekwisha kutolewa, watu wanatoka, kijana anataka kwenda nyumbani, achomoa waya na kuifunga mashine ingali moto. Dakika tano alizoziokoa zaweza kuligharimu kanisa balbu nzima.

Wala msiweke vitabu juu yake, wala nguo chini yake, wala ukuta karibu na matundu yake ya hewa. Watoto waonywe wasichungulie lenzi inapowaka, maana mwanga ule wadhuru macho.

VUMBI NA BALBU

Barabara zetu ni za udongo, na ufagio hupita kanisani kila Jumamosi. Basi projekta isiachwe wazi wakati wa kufagia. Ifunikwe ikiisha kupoa, au ikae katika mfuko wake. Mashine nyingi zina chujio la vumbi penye mlango wa hewa. Mtu alitoe, mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa, alipanguse polepole kwa burashi laini, nje ya nyumba. Asilioshe kwa maji ila kitabu kikiruhusu. Penye vumbi jingi kazi hii ifanywe kila mwezi. Mashine isiyo na chujio huhitaji kupanguswa matundu yake vivyo hivyo. Ikizima yenyewe katikati ya mafundisho, au taa ndogo ya joto ikiwaka, mara nyingi yalilia hewa: tazameni chujio na matundu kabla ya kumwita fundi.

Lenzi isifutwe kwa shati, wala kwa mate, wala kwa karatasi. Puliziwe hewa kwa kipulizio cha mpira, kisha ifutwe kwa kitambaa laini cha kufutia miwani. Wala dawa ya kupulizia yenye kushika moto isitumike karibu na mashine.

Balbu ya kawaida huishi saa 2,000 hata 5,000. Mashine za leza au za LED zaweza kufika saa 20,000. Mwanga ukififia na mashine ikitoa onyo, balbu ibadilishwe. Izimeni, ichomoeni, mngoje saa nzima, tena msishike kioo cha balbu mpya kwa vidole, maana mafuta ya mkono hukidhuru. Ndani ya balbu mna zebaki, nayo ni sumu. Ikipasuka, zimeni, toeni watu, fungueni madirisha. Na vipande visitupwe mahali wachezapo watoto.

MWENYE KUITUNZA

Kitu cha wote huwa si cha mtu. Kwa hiyo wachagueni wawili, na mmoja awe kijana wa kike au wa kiume anayejifunza. Wawe na daftari: tarehe, saa mashine ilizotumika, siku ya kusafisha chujio, taabu iliyoonekana. Baraza la kanisa lilisome daftari hilo kama lisomavyo hesabu ya sadaka, kwa kuwa nalo ni hesabu ya sadaka. Tena katika kila mwaka pawekwe akiba kidogo kwa balbu mpya, ili siku ikifa pasiwe na manung'uniko.

Hao wawili wafike mapema, kabla ya watu, wakaijaribu mashine na maandishi yote. Mnaikumbuka habari ya wanawali kumi: wote walikuwa na taa, tofauti ilikuwa katika maandalio. Mistari ya wimbo iwe michache ukutani, minne yatosha, kwa herufi kubwa. Maana karatasi iliyojaa maneno huwachosha wazee, na wasiojua kusoma vema hubaki nyuma kwa aibu.

Mwisho, ndugu, msiziache nyimbo zenu ziishi katika mashine peke yake. Yako makanisa ambayo tangu yapate taa ya picha vitabu vimebaki nyumbani, na watoto hawajifunzi wimbo kwa moyo. Basi umeme ukikatika katika ubeti wa pili, mkutano mzima huwa bubu. Je, sifa za Mungu zingojee umeme? Baba na mama, waleteni watoto na vitabu mikononi, mwafundishe nyimbo jioni nyumbani. Mwalimu naye awe na Kitabu chake wazi mbele yake, ajue somo lake hata gizani. Ndipo taa ya picha itakuwa mtumishi mwema: ikiwaka tutashukuru, ikizimika tutaendelea kuimba.

Bwana awabariki ninyi na nyumba zenu.