Kabla hujanunua mashine, fungua daftari la kazi ulizokataa

Mafundi cherehani wa Tabora, hii yenu. Wenye karakana nyingine nanyi someni tu.

Stanley alipofika Kwihara mwaka 1871 alikuwa na mizigo ya vitambaa na shanga. Shanga ndiyo ilikuwa hela ya njiani, ila si shanga yoyote! Nyekundu ilipita Unyamwezi. Nyeusi ilipita Ugogo, kwingine hawaitaki. Nyeupe Ufipa waliipenda, Ukonongo wakaidharau. Ukibeba rangi moja kwa sababu umeipata kwa bei poa, unalala njaa na mzigo uko kichwani.

Mimi nilibeba rangi moja. Nilichukua mkopo nikanunua mashine ya kudarizi nembo za sare za shule. Januari ilipiga kazi kweli. Machi ikafunikwa kanga. Hela ya tumbaku ilipoingia mjini, watu wakaja na vitenge vya harusi, wanataka kesho kutwa, mimi nawarudisha kwa kuwa sina ovaloki. Marejesho ya mkopo hayakujua kama msimu umeisha.

Kumbe swali nililojiuliza dukani, "inashona nembo ngapi kwa saa?", lilikuwa nusu tu. Nusu nyingine: itakaa bure siku ngapi kwa mwaka?

Sasa nafanya hivi. Kila mteja ninayemrudisha namwandika: alitaka nini, kwa nini nimeshindwa, ningebaki na faida gani. Miezi mitatu, bila kujidanganya. Tuseme unakosa kazi nne kwa wiki kwa kukosa ovaloki, kila moja faida 5,000. Hiyo ni 20,000 kwa wiki. Ovaloki ya 900,000 inarudisha hela yake wiki ya 45, kama kazi hizo zote utazipata. Ukipata nusu, ni wiki 90. Hesabu hiyo ndiyo ya kumwonyesha mwenzako wa nyumbani au afisa mikopo, siyo picha ya mashine kwenye simu.

Siku ya kununua, beba vipande vyako: kitenge, tetroni na sweta. Mwambie muuzaji avishone vyote hapo hapo huku unatazama saa. Dakika anazopoteza kubadili uzi na kurekebisha mashine, na wewe utazipoteza kila siku. Akisema umeme umekatika, mwambie utarudi kesho.