Ng'ombe Akiibwa Ngulyati, Nani Alipie Taarifa?

Tuseme uko Ngulyati, wilayani Bariadi. Saa saba usiku wezi wanafungua zizi na kuondoka na ng'ombe sita. Unagundua saa ngapi, na taarifa inamfikia nani, saa ngapi? Maswali hayo mawili yanaonekana ya kawaida tu, lakini ndani yake kuna hesabu ambayo kila anayepanga bajeti ya polisi angepaswa kuijua.

Ng'ombe wanaoswagwa usiku hawakimbii. Tuchukue mwendo wa kilomita 3 kwa saa. Ukigundua saa nane usiku, yaani saa moja baadaye, wako ndani ya duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 3. Eneo la duara hilo ni kama kilomita za mraba 28. Ukigundua saa kumi na moja alfajiri wakati wa kukamua, ni saa nne zimepita, nusu kipenyo ni kilomita 12, na eneo limekuwa kilomita za mraba 452. Ikifika saa tatu asubuhi ndipo mtu amepata usafiri wa kwenda kituoni, nusu kipenyo ni kilomita 24 na eneo ni zaidi ya kilomita za mraba 1,800.

Umeona kilichotokea? Muda umeongezeka mara nane, lakini eneo la kutafuta limeongezeka mara sitini na nne. Eneo hukua kwa mraba wa muda. Kweli, wezi hufuata njia na mabonde, hawatembei kwenye duara la kompasi, na nyayo husaidia. Lakini kanuni inabaki: kila saa ya kuchelewa ni ghali kuliko saa iliyotangulia.

Mfumo wa zamani: mwano

Wasukuma walilijua hili bila kuandika fomula. Mtu akivamiwa anapiga mwano, yowe la hatari. Anayelisikia analipokea na kulipeleka mbele, na vijana wanatoka kufuata nyayo usiku huohuo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo ulipozidi huko Shinyanga na Tabora, desturi hii ndiyo iliyojengewa jeshi la jadi la sungusungu. Wakati huo Bariadi ilikuwa mkoa wa Shinyanga; Simiyu imekuwa mkoa mwaka 2012. Sheria ikaja kuwatambua sungusungu mwaka 1989.

Tuuangalie mwano kama mfumo wa mawasiliano. Unafika kwa kasi ya sauti. Hauhitaji bando. Anayeupiga halipi chochote. Na muhimu zaidi, gharama yake imeshalipwa na wote kabla ya tukio: kila kaya inatoa mtu, na asiyeitikia anapigwa faini. Wanauchumi wana jina la kitu cha namna hii: bidhaa ya umma. Faida yake haimwendei mwenye ng'ombe peke yake. Mwizi akikamatwa leo, zizi la jirani limepona kesho.

Mwano una mapungufu yake pia. Hauvuki mpaka wa wilaya kirahisi, hauachi kumbukumbu, na umati wenye hasira unaweza kumuua mtu asiye na hatia kabla hajafika mbele ya hakimu. Kwa hiyo tunawahitaji polisi, na tunahitaji njia ya kuwafikia.

Tulichonacho sasa

Njia zimeongezeka. Ipo 112, namba ya dharura. Kwa viwango vya kimataifa vya GSM, ukipiga 112 simu yako inaruhusiwa kutumia mtandao wowote ulio karibu, hata kama laini yako ni ya kampuni nyingine. Ipo 116 ya kuripoti ukatili dhidi ya watoto. Ipo 15040 ya kuripoti matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Jeshi la Polisi lina mfumo wa mtandaoni wa taarifa za upotevu, ambapo ukipoteza kitambulisho au laini ya simu unajaza fomu, unapewa namba ya malipo ya serikali, unalipa kwa simu, na unachapa hati yako. Dereva anaweza kuangalia faini za barabarani mtandaoni. Na kwa malalamiko kuhusu ofisi za umma, polisi wakiwemo, kuna e-Mrejesho.

Angalia vizuri orodha hiyo. Huduma zilizokomaa zaidi mtandaoni ni zile zinazokusanya hela: upotevu na faini. Si ajabu. Tangu mfumo wa malipo ya serikali uanze mwaka 2017, huduma yenye ada ni rahisi kuihalalisha, kwa sababu makusanyo yanaonekana kwenye ripoti. Taarifa ya wizi wa ng'ombe haikusanyi chochote. Yenyewe ni matumizi matupu.

Ada ni haki wapi, na ni kosa wapi?

Hapa kanuni ya bidhaa ya umma inatusaidia. Hati ya upotevu inakunufaisha wewe uliyepoteza kadi ya benki. Ukitozwa ada ndogo, hakuna jirani anayeumia. Lakini unaposema "nimeona watu wanapitisha ng'ombe saa tisa usiku", faida inakwenda kwa mtu mwingine kabisa. Ukikuta huna salio, au kupiga kunakula hela uliyoitunza, unajiambia atapiga mwingine. Kila mtu akiwaza hivyo, hapigi mtu.

Uingereza walipitia swali hilihili. Namba yao ya polisi kwa mambo yasiyo ya dharura, 101, ilikuwa inamtoza mpigaji peni 15 kwa kila simu. Kuanzia Aprili 2020 ikawa bure, na serikali kuu ikabeba gharama ya takriban pauni milioni 7 kwa mwaka. Kumbe hata nchi tajiri iliona kwamba ada ndogo mlangoni inatosha kumrudisha mtu nyumbani.

Simu ya kitochi haijui tovuti

Jambo la pili ni njia yenyewe. Tovuti inahitaji simu janja, bando na mtandao wa kasi. Kwenye vijiji vingi mwenye zizi ana kitochi. Kwa kitochi kuna njia tatu, na kila moja ina tabia yake.

Kupiga simu ndiyo njia ya haraka kuliko zote, ila inahitaji mtu wa kupokea upande wa pili. SMS ina herufi 160, lakini ina fadhila moja kubwa: mtandao ukikatika, ujumbe unahifadhiwa kwenye kituo cha kampuni na kutumwa tena. Menyu za nyota na reli, kama *152*00# ya serikali, hazihitaji bando na zinafanya kazi kwenye mtandao wa 2G, lakini ni mazungumzo ya papo hapo. Mawimbi yakiyumba katikati, menyu inakatika na unaanza upya.

Kuna tofauti nyingine ambayo ni ya uhai na kifo. SMS inabaki kwenye simu. Mwanamke anayepigwa nyumbani, na simu ni ya mume, akituma SMS polisi ameacha ushahidi dhidi yake mwenyewe. Menyu haiachi ujumbe kwenye kikasha. Simu iliyopigwa inabaki kwenye orodha ya namba zilizopigwa. Mbunifu aliyekaa Dodoma au Dar asipoyawaza haya, mfumo utakuwa mzuri kwenye maonyesho ya Nane Nane na hatari sebuleni.

Na kabla ya yote hayo, lazima mawimbi yawepo. Hapa fedha za umma zimefanya kazi inayoonekana. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, hutoa ruzuku kwa kampuni za simu zijenge minara mahali ambapo biashara peke yake isingewapeleka. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758 katika kata 713 nchini. Wazo ni lile la mwano: wote wanachangia, ili aliye mbali asikike.

Gharama kubwa haiko kwenye kompyuta

Wengi tukisikia "huduma za polisi mtandaoni" tunafikiria seva na programu. Hebu tuhesabu kiti kimoja tu cha mtu anayepokea taarifa, mchana na usiku. Wiki ina saa 168. Mtu mmoja akifanya kazi saa 40 kwa wiki, 168 gawanya kwa 40 ni watu 4.2. Weka likizo, magonjwa na mafunzo, unafika watu watano. Watano kwa kiti kimoja! Mkoa ukitaka viti viwili, ni kumi. Hao wanalipwa kila mwezi, mwaka baada ya mwaka.

Halafu kuna anayejibu. Taarifa imefika saa nane na dakika tano usiku. Sawa. Pikipiki ina mafuta? Mkaguzi wa kata ana simu yenye chaji? Ni jambo linalosemwa sana mitaani kwamba mwenye shida ndiye anayeombwa mafuta ya gari. Pale ambapo hilo linatokea, huduma ya mtandaoni imeokoa safari ya kwenda kituoni, kisha ikamwachia mwananchi bili iliyo kubwa zaidi.

Kwenye bajeti, Jeshi la Polisi ni Fungu 28, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Kila fungu lina sehemu kuu mbili: maendeleo na matumizi ya kawaida. Kununua mfumo mpya huingia kwenye maendeleo, wakati mwingine kwa msaada wa wafadhili, na uzinduzi wake una keki na kamera. Mishahara, mafuta, matengenezo na malipo ya intaneti viko kwenye matumizi ya kawaida, na hakuna anayekata utepe wa lita za petroli. Mfumo ukinunuliwa kwa mkono mmoja bila mwingine, mwaka wa kwanza unafanya kazi, mwaka wa tatu unapiga namba inaita tu.

Kitu ambacho mwano haukuwa nacho

Ingekuwa vibaya kumaliza kwa kukatisha tamaa, kwa sababu taarifa ya kidijitali ina nguvu moja mpya: muhuri wa muda. Saa iliyopokelewa na saa askari alipofika vinaweza kuandikwa bila mtu kukumbuka. Ukitoa moja kwa nyingine unapata muda wa mwitikio. Kwa hesabu ya duara tuliyoanza nayo, namba hiyo inakuambia ng'ombe wana nafasi gani ya kurudi.

Ila tuwe makini na kinachopimwa. Kusema "mwaka huu tumepokea taarifa nyingi kuliko mwaka jana" hakuonyeshi kama kuna aliyesaidiwa. Na njia ikiwa rahisi, idadi ya makosa yaliyoripotiwa itapanda hata kama uhalifu haujaongezeka, kwa sababu waliokuwa wananyamaza sasa wanasema. Mkuu wa polisi akipimwa kwa kushuka kwa idadi hiyo, atakuwa na kila sababu ya kutoipenda huduma. Akipimwa kwa muda wa mwitikio, atakuwa na kila sababu ya kuidai bajeti yake.

Kwa hiyo siku utakaposikia huduma mpya ya kuripoti imezinduliwa, iwe Simiyu au kwenu, usiishie kuuliza imegharimu shilingi ngapi. Uliza mwenye kitochi asiye na salio anaingiaje. Uliza saa nane usiku nani anapokea, na wako wangapi kwa kiti. Uliza mafuta ya kwenda Ngulyati yako kwenye kasma gani, na mwaka ujao yatakuwepo. Mbunge na diwani wanaweza kuulizwa hayo kwenye mkutano wa kijiji, mapema, kwa sababu mwaka wa fedha unaanza Julai na makadirio yanaandaliwa miezi mingi kabla.

Majibu yakikosekana, watu wataendelea kupiga mwano. Na kwa hesabu ya saa ya kwanza ile, hawatakuwa wamekosea.