Esta au amini? Neno la lebo linaloamua dawa ya magugu itaruka kiasi gani

MKULIMA akimaliza kunyunyiza dawa ya magugu kwenye malisho, si yote inayobaki pale ilipotua. Jua likipanda, sehemu yake hugeuka mvuke na kubebwa na upepo hadi kwenye nyanya za jirani. Kwa wanaovusha pembejeo Namanga, Busia au Rusumo, hasara hiyo inaweza kuanzia kwenye neno moja la lebo.

Dawa inayouzwa sana ni 2,4-D. Huua magugu ya majani mapana na kuacha nyasi, mahindi na mpunga. Lakini ipo ya esta na ipo ya chumvi ya amini. Esta, hasa zile za zamani za isopropili na butili, hugeuka mvuke upesi, amini hutulia. Kwenye chupa, ya esta kwa kawaida huandikwa EC na ikichanganywa na maji hugeuka nyeupe kama maziwa. Ya amini huandikwa SL, na mchanganyiko wake hubaki angavu.

Kiasi kinachotoroka hupimwa. Kwenye nyasi zilizonyunyizwa husimamishwa mlingoti wenye pampu ndogo katika vimo mbalimbali. Kila pampu huvuta hewa kupitia kipande cha sifongo kinachonasa dawa, na kando yake kifaa husoma kasi ya upepo. Maabara hukamua sifongo kwa kiyeyusho na kupima kilichomo. Hewa ya chini hubeba dawa nyingi kuliko ya juu. Tofauti hiyo, pamoja na kasi ya upepo, hutoa gramu zinazoondoka kwa hekta kila saa. Njia nyingine ni kunyunyiza kiwanja cha duara na kuweka mlingoti katikati, ili upepo utoke upande wowote lakini upite umbali uleule. Ni hesabu ya werevu, na inaokoa pampu.

Vipimo vya namna hii huonyesha mtindo mmoja: upotevu mkubwa hutokea saa za mwanzo na adhuhuri, hushuka usiku, kisha hupanda tena kesho yake jua likiwaka.

Marekani ililipa gharama ya mvuke kwa dawa nyingine, dikamba. Mwaka 2017, Chuo Kikuu cha Missouri kilikadiria ekari milioni 3.6 za soya zilizodhurika. Februari 2020, jopo la mahakama jimboni humo liliamuru mkulima wa mapichi alipwe dola milioni 265. Jaji akazipunguza hadi milioni 75, na kesi ikaenda rufaa.

Huku kwetu, wanaoumia kwanza ni wenye nyanya, pamba ya Simiyu na zabibu za Dodoma. Majani hujikunja na kuwa membamba, na mkulima hudhani ni ugonjwa.

Stoo nayo ina hatari yake. Lebo za 2,4-D hukataza kuiweka pamoja na mbegu, mbolea au viuatilifu vingine. Anayepakia madebe ya esta na magunia ya mbegu katika lori moja, chini ya turubai lenye joto, anahatarisha mbegu kabla hajafika sokoni.

Kuna na suala la usajili. Nchini Tanzania hushughulikiwa na TPHPA, Kenya na PCPB, na chupa iliyosajiliwa upande mmoja wa Namanga haihesabiwi kuwa imesajiliwa upande wa pili.